RTX 5060 au 5060 Ti: je, laki tatu na thelathini za ziada zinarudi?

Swali la msomaji: Kaka, habari za kazi. Nipo Arusha, nahariri video za harusi na sendofu kwa Premiere Pro, na usiku nacheza GTA V, Valorant na EA FC. Nina hamu pia ya kuingia kwenye gemu nzito kama Cyberpunk 2077. Mashine yangu ina prosesa ya i5-10400F, ram GB 16 (kijiti kimoja), pawasaplai ya wati 550 na kadi ya grafiki ya GTX 1650. Monita ni ya inchi 24, 1080p, Hz 75. Duka moja la Kariakoo limenipa bei hizi: RTX 5060 ni 1,150,000, RTX 5060 Ti ya GB 8 ni 1,480,000, na Ti ya GB 16 ni 1,650,000. Kila video ninayoangalia inasema Ti ina kasi zaidi. Niongeze hiyo laki tatu na thelathini nichukue Ti ya GB 8, au nitakuwa nimetupa hela?

Jibu:

Mdogo wangu, nzuri. Kwa mashine hiyo na kazi ulizonitajia, Ti ya GB 8 iache. Chukua 5060 ya kawaida, au kama harusi za 4K ndizo zinazokulipia kodi ya nyumba, jikaze ufike kwenye Ti ya GB 16. Hiyo ya katikati ndiyo itakayokula hela yako bila kukupa kitu utakachokiona kwa macho. Nitakueleza kwa kirefu nimefikaje hapo, kwa sababu bei hubadilika kila mwezi na kadi mpya haziishi kutoka, ila njia ya kupiga hesabu inabaki hiyohiyo.

Tuanze na kinachouzwa. Kadi zote mbili Nvidia ilizitoa mwaka 2025, Ti mwezi wa nne na 5060 mwezi wa tano, na zote zinatumia chipu ya familia moja. Tofauti ni kwamba 5060 imewashiwa viini 3,840 vya kuchakata, na Ti imewashiwa 4,608. Hiyo ni asilimia 20 zaidi. Lakini viini hivyo vinalishwa na kumbukumbu ya kadi, na kumbukumbu hiyo ina kasi ileile kwenye kadi zote mbili, GB 448 kwa sekunde. Umeongeza wafanyakazi, mlango wa stoo umebaki na upana uleule. Ndiyo maana kwenye gemu ile asilimia 20 ya makaratasi haionekani yote. Mara nyingi kinachobaki ni kati ya 10 na 15, na mimi nitatumia 12 kwenye hesabu zangu hapa.

Sasa bei. Kutoka 1,150,000 kwenda 1,480,000 ni ongezeko la karibu asilimia 29. Unalipa 29 upate 12. Hapo peke yake mtu angeweza kusema basi, lakini hesabu ya namna hiyo haitoshi kukata shauri, maana kuna watu ambao hiyo 12 ni halali yao. Tuiangalie kwa karibu zaidi.

Tuseme gemu fulani nzito inakupa fremu 70 kwa sekunde kwenye 5060. Kila fremu ya hizo umeinunua kwa kama shilingi 16,400. Ti itakupeleka kwenye fremu 78. Zile fremu nane za juu umezilipia 330,000, yaani zaidi ya shilingi 41,000 kila moja. Fremu ya sabini na moja ina bei mara mbili na nusu ya fremu ya sabini, na hizi za juu ndizo ambazo jicho linazitambua kwa shida zaidi. Fremu 70 kwa sekunde maana yake kila picha inakaa kwenye kioo milisekunde 14.3. Fremu 78 ni milisekunde 12.8. Unanunua milisekunde moja na nusu. Halafu monita yako inabadilisha picha mara 75 tu kwa sekunde, kwa hiyo hata hizo nane huzipati zote: tatu kati yake kadi inazitengeneza na monita haina nafasi ya kuzionyesha.

Linganisha na unapotoka. GTX 1650 ni kadi ya mwaka 2019, viini 896, kumbukumbu GB 4. Kuhama hapo kwenda 5060 ni kupanda karibu mara tatu kwenye gemu zinazoitegemea kadi. Gemu iliyokuwa inakukatalia kabisa itacheza laini. Utakapowasha mashine siku hiyo utacheka peke yako chumbani, na kicheko hicho chote unakipata kwa 1,150,000.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Wapo wanaosema usilinganishe bei ya kadi na kadi, linganisha bei ya mashine nzima. Kama kompyuta yote inagharimu milioni mbili na laki nane, laki tatu na thelathini ni asilimia 12 tu ya jumla, na unapata asilimia 12 ya kasi, ngoma droo. Hoja hiyo ina maana kwa mtu anayejenga mashine mpya kuanzia sifuri, tena ya kuchezea gemu tu, na ambaye kila kifaa kingine ndani yake kinaweza kuifuata kadi. Wewe mashine unayo tayari. Hela ya prosesa, mazabodi na kasha ulishaitoa zamani, nayo haiingii kwenye uamuzi wa leo. Kinachoingia ni kama hivyo vitu vya zamani vitairuhusu kadi mpya ifanye kazi yake, na hapo ndipo pana mambo mengi.

Prosesa ndiyo inayoiandalia kadi kila fremu: nani yuko wapi, gari lipi linageuka, risasi imempiga nani. Kadi inachora baada ya kuambiwa. Mpishi wa chapati hata awe na mikono minne, anayemkandia unga akichelewa, chuma kinakaa kitupu. i5-10400F ni prosesa ya mwaka 2020, viini sita, bado inajitahidi sana. Lakini Valorant na GTA V ni gemu zinazoibana prosesa kuliko kadi, na kwenye hizo 5060 na Ti zitakupa namba zinazokaribiana mno, kwa sababu zote mbili zitakuwa zinasubiri.

Usinichukulie kwa maneno, pima mwenyewe leo kwa kadi hiyohiyo ya 1650. Fungua GTA V, nenda katikati ya mji penye magari na watu wengi, washa kihesabu cha fremu. Kisha shusha mwonekano hadi 1280 kwa 720, shusha ubora wa vivuli, maji, nyasi na mwanga hadi chini kabisa. Usiguse idadi ya watu na magari wala umbali wa kuona, hizo ni kazi za prosesa na ukizishusha umeharibu kipimo. Ukishafanya hivyo umeipunguzia kadi mzigo hadi ikawa haina kazi, na namba ya fremu unayoiona ni takribani dari ya prosesa yako. Hakuna kadi duniani itakayokuvusha hapo kwenye gemu hiyo. Kama dari ni 90, na 5060 inafika 90 bila kuhema, basi Ti inakuletea sifuri. Rudia kwenye kila gemu unayoipenda. Ni kazi ya jioni moja, na itakuambia kuhusu mashine yako mambo ambayo video za watu wenye prosesa za milioni mbili haziwezi kukuambia. Wapimaji wale wanaweka prosesa kali kuliko zote makusudi, ili kadi zionyeshe tofauti zake. Wako sahihi kwa kazi yao, ila wewe hukai kwenye mashine yao.

Cyberpunk ni habari nyingine. Ile inaikamua kadi kwelikweli, na hapo Ti itaonekana mbele kwa ile asilimia yake. Kwa 1080p na DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza), ambayo kadi zote mbili zinayo kwa toleo lilelile, 5060 itakufikisha kwenye 75 za monita yako ukipunguza mipangilio miwili mitatu. Sioni laki tatu hapo.

Sasa tuje kwenye kazi inayokulisha, maana gemu ni starehe lakini bibi harusi anasubiri video yake.

Watu wengi wanadhani kadi yenye kasi zaidi ya gemu inarenda video haraka kwa kiwango kilekile. Sivyo. Unapotoa video ya H.264 au H.265, yaani miundo ya kawaida ya kubana video, kwenye Premiere, kazi ya kuibana video inafanywa na sehemu maalumu ndani ya chipu, mbali kabisa na vile viini 3,840 au 4,608. Sehemu hiyo kwenye 5060 na kwenye Ti ni ileile, kizazi kilekile, na kila kadi ina moja. Viini vinasaidia kwenye rangi, kupunguza chenga na efekti. Kwa hiyo video ya harusi inayochukua dakika 40 kutoka kwenye 5060, kwa hali nzuri kuliko zote Ti ingeitoa kwa dakika 36, na kwa hali ya kawaida tofauti itakuwa ndogo kuliko hapo. Ukitoa harusi nne kwa mwezi umeokoa robo saa kwa mwezi mzima, nayo ni robo saa ambayo pengine ungekuwa umelala, kwa sababu wengi tunaacha mashine irende usiku.

Kuna jambo hujalitaja na ndilo kubwa kuliko yote kwa mhariri: kamera yako inarekodi muundo gani? Kamera nyingi za Sony na Canon za miaka hii zinarekodi rangi ya biti 10 kwa 4:2:2, yaani zinahifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi. Muundo huo unapendeza sana kwenye kusahihisha rangi, lakini kompyuta nyingi zinausoma kwa taabu, unasogeza kishale kwenye mpangilio na picha inaganda. Kadi za mfululizo wa RTX 40 na kurudi nyuma hazina uwezo wa kuusoma kwa maunzi, hata zile za bei ya kutisha. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zenye grafiki za ndani zinausoma H.265 wa namna hiyo, lakini yako ni kizazi cha 10, tena ile herufi F mwishoni maana yake haina grafiki za ndani kabisa. Mfululizo wa RTX 50 ndio wa kwanza wa Nvidia kuusoma, na Premiere imeongezewa uwezo wa kuutumia kwenye matoleo ya mwaka 2025. Kwa hiyo kama unarekodi 4:2:2, mabadiliko makubwa kuliko yote katika siku yako ya kazi yatakuja kwa kununua kadi yoyote ya RTX 50, na ile ya bei ya chini inayaleta sawasawa na ya bei ya juu. Hilo ndilo lililonifanya niitaje 5060 bila kusita, badala ya kukupeleka kwenye kadi za zamani zilizotumika, ambazo kwa gemu peke yake zingekuwa na maneno.

Imebaki kumbukumbu, na hapa ndipo hela ya ziada inaweza kuwa na maana.

Kasi ikipungua kwa asilimia 12 hakuna kinachovunjika, mambo yanakwenda polepole kidogo tu. Kumbukumbu ya kadi haina tabia hiyo. Ikitosha, huisikii, isipotosha, kadi inaanza kuazima ram ya kompyuta kupitia nafasi ilipochomekwa kwenye mazabodi. Kadi hizi zote, 5060 na Ti zote mbili, zinatumia njia nane tu kati ya kumi na sita za nafasi hiyo. Kwenye mazabodi mpya za PCIe 5.0 (PCIe ndiyo aina ya nafasi hiyo, na namba ni kizazi chake) njia nane zinapitisha takribani GB 32 kwa sekunde. Prosesa yako na mazabodi yake ni za PCIe 3.0, ambako njia nane zinapitisha takribani GB 8. Weka GB 8 kwa sekunde kando ya zile GB 448 za kumbukumbu ya kadi yenyewe: ni mara 56 pungufu. Ndiyo maana kwenye mashine kama yako kadi ya GB 8 ikijaa, gemu haishuki taratibu, inakwamakwama. Unaona fremu 70, ghafla 15, halafu 70 tena. Gemu kama The Last of Us Part I ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2023 iliwaonyesha wengi jambo hilo, na zinazotoka sasa zinazidi kuwa na njaa. Kwenye Premiere, mradi wa 4K wenye tabaka kadhaa, kupunguza chenga na efekti nzito unaweza kujaza GB 8, na ukijaza unapata ujumbe wa hitilafu katikati ya kurenda, au programu inahamishia kazi kwenye prosesa na dakika 40 zinakuwa saa tatu.

Ti ya GB 8 hailiponyi tatizo hilo hata kidogo. Inajaa palepale inapojaa 5060. Umelipa 330,000 ukabaki ndani ya ukuta uleule. Ti ya GB 16 inauvunja ukuta wenyewe, na ndiyo maana nasema ukiamua kuivuka 5060, usisimame katikati. Fungua mradi wako mkubwa kuliko yote sasa hivi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, uchague kadi, na uangalie matumizi ya kumbukumbu yake. GTX 1650 ina GB 4, na karibu kwa hakika utaikuta imejaa, lakini kuna mstari wa chini yake unaoonyesha kumbukumbu ya kuazima. Jumlisha namba hizo mbili. Ikiwa jumla inacheza kwenye GB 5 au 6, 5060 itakubeba muda mrefu. Ikiwa tayari inagusa 8, hela ya GB 16 haijapotea, na kwa kazi hiyo ningeilipa bila kunung'unika.

Na hebu tuziangalie bei za huyo mwenye duka. Nvidia ilitangaza 5060 kwa dola 299, Ti ya GB 8 kwa 379, na ya GB 16 kwa 429. Kati ya mbili za kwanza kuna dola 80. Ukiikadiria dola kwa shilingi 2,600 na kuweka VAT ya asilimia 18, hiyo ni kama 245,000. Yeye anataka 330,000. Kati ya Ti mbili kuna dola 50, kama 153,000 kwa hesabu hiyohiyo, naye anataka 170,000, ambayo ni haki. Maana yake faida ameilaza kwenye hatua ya kwanza, ile ambayo wateja wengi huichukua kwa sababu ya herufi mbili za Ti. Ukienda kununua ya GB 16, una pa kuanzia mazungumzo.

Ni lini basi mtu achukue Ti ya GB 8? Tofauti ya bei ikishuka hadi laki moja hivi, ichukue. Au uwe unachora kwa Blender, programu ya picha za 3D, mchana na usiku, kazi ndogo zisizojaza kumbukumbu, ambako viini vingi vinageuka kuwa muda moja kwa moja. Au ucheze Valorant kwa mashindano, monita ya Hz 240 na prosesa ya kisasa. Wewe huna hata moja kati ya hayo kwa sasa.

Umeme usikuumize kichwa. 5060 inakula wati 145 na Ti wati 180, na kwa saa tano kila siku tofauti ni uniti tano na kidogo kwa mwezi, haifiki elfu mbili. Ila Nvidia inapendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa 5060 na 600 kwa Ti. Ya kwako ikiwa ya kampuni inayoeleweka itamudu zote mbili. Ikiwa ni ile nyepesi iliyokuja na kasha, ibadilishe kwanza kabla ya kuchomeka kadi ya milioni, na gharama hiyo uiingize kwenye hesabu.

Ukibaki na 5060, sehemu ya laki tatu ipeleke kwenye ram. Kijiti kimoja kinaifanya prosesa yako isome kumbukumbu kwa njia moja badala ya mbili. Ongeza kijiti cha pili cha GB 16 kinachofanana na hicho, DDR4 hiyohiyo, na Premiere ya 4K itapumua, na GTA V itaacha kushtukashtuka unapokimbiza gari mjini. Kwenye mashine hiyo utaisikia kuliko Ti.

Siku ya kununua, usiseme "nataka 5060 Ti" ukanyamaza. Ti za GB 8 na GB 16 zina jina moja, na maboksi yake yanafanana rangi na picha. Kinachotofautisha ni namba ndogo pembeni. Isome kwenye boksi, isome tena kwenye kibandiko cha kadi yenyewe, na umwombe muuzaji aandike GB kwenye risiti. Wakikuletea toleo la OC lenye feni tatu na taa kwa laki zaidi, rudisha. Kasi ya kiwandani inayoongezwa pale ni asilimia mbili tatu, na kwa kadi ya wati 145 feni mbili zinatosha hata kwa joto la Dar, sembuse Arusha. Kabla ya kuondoka dukani ichomekwe, ifunguliwe programu ya GPU-Z, na uone kwa macho yako jina la kadi, ukubwa wa kumbukumbu na idadi ya viini: 3,840 kwa 5060, 4,608 kwa Ti. Nenda na kompyuta yako kama unaweza. Ukiagiza kwa basi, omba video fupi ya kipimo hicho, namba ya kadi ikionekana, kabla hujatuma hela.